Mtoto Niliyembeba Kwenda Kishanda

Akina mama wenzangu wa Ijuganyondo, mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani, na Mama Theonesti ameniuliza nikiwa na senene mdomoni. Kila mmoja ameshasikia lake. Kuna anayesema nilifukua kaburi. Kuna anayesema nilipakia maiti kwenye lori na kumdanganya mgambo. Basi kaeni niwasimulie mara moja tu, na atakayenikatiza nitaanza upya, tulale na njaa wote.

Mnajua kilichonipata mwezi wa nane. Nilikwenda kujifungulia kwa baba yangu, Tata, kule Kishanda. Nikajifungua salama mtoto wa kiume, na kabla hajamaliza wiki niliamka alfajiri nikamkuta amepoa ubavuni mwangu. Alikuwa hajabatizwa. Tata ni katekista, amebatiza watoto wengi wa wenzake walipokuwa taabani, lakini huyu wangu hakuugua hata tukapata nafasi ya kushtuka. Na desturi mnaijua. Mtoto asiyebatizwa haingii makaburi ya kanisa na hasomewi sala. Ni mwanamume mmoja na jembe, nyuma ya migomba, basi. Hata matanga hayakuwekwa. Watu waliniambia "utapata mwingine," kama vile nimevunja chungu.

Tangu siku hiyo sikusali. Mlikuwa mkiniona katika benchi la kwaya nafungua mdomo, mkadhani naimba. Nilikuwa namuuliza Mungu swali moja tu, mwanangu yuko wapi, na Yeye amenyamaza. Nilikuwa na hasira, jamani, hasira ya kuuma meno.

IJUGANYONDO HADI STENDI

Sasa Sista Imakulata, yule wa parokiani anayetembea kama anakimbizwa na nyuki, akaniita wiki ya Noeli. Alikuwa amesikia manung'uniko ya Tata. Tata alikuwa akilalamika kwa kila aliyepita kwamba Noeli ya Kishanda imegeuka kuwa sikukuu ya rubisi. Ndizi za pombe zinafukiwa mapema, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa anapanga ngoma na hotuba, na kanisani pango la Noeli liko tupu. Mtoto Yesu wao wa mti aliliwa na mchwa, wakabaki ng'ombe na punda wa udongo. "Watu wanaingia, wanamtazama punda, wanatoka kwenda kunywa," Tata alisema. "Hii ni sikukuu ya kuzaliwa kwa nani? Kwa punda?"

Sista alikuwa amemwambia fundi mmoja wa mjini achonge mwingine. Akanifunulia. Mama yangu! Alikuwa mkubwa sawasawa na mtoto aliyezaliwa jana, wa mti mweusi mzito, magoti yamekunjwa, ngumi zimefumbwa. Fundi alikuwa amemwacha macho wazi.

"Mpelekee baba yako, lakini usimtumie habari. Iwe furaha ya ghafla," Sista akasema.

Nilitaka kukataa. Nilikubali kwa ajili ya Tata, si kwa ajili ya mwenye sikukuu. Kikapu cha chumvi na sabuni kikawa kichwani, kifurushi cha nguo mkononi, na mgongo ndio uliobaki mtupu. Ninyi mngefanyaje? Nilimviringisha kwa shuka, nikamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mwingine yeyote, nikashuka mjini.

Stendini mwanamke mmoja alichungulia mgongo wangu akasema, "Analala vizuri huyu." Nikasema ndiyo, analala. Nilisema hivyo kupunguza maneno tu, lakini nilipopiga hatua mbili nikajikuta natikisa mabega kumbembeleza.

KEMONDO

Basi letu liliishiwa dizeli kabla ya Kemondo, maana siku hizo mafuta yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Dereva akatuteremsha, akafunga mlango, akalala. Tukakokotana kwa miguu mpaka bandarini. Ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukapanda hadi barabarani, mzito, mweupe, wa asubuhi isiyotaka kwisha. Meli ilikuwa inapiga honi humo ndani na huioni. Watu niliokuwa natembea nao wakamezwa mmoja mmoja, nikabaki nasikia kandambili zao tu.

Nikaona moshi, nikaufuata. Ulikuwa wa mama mmoja anayekaanga samaki, Bi Zuhura, Mwislamu, watu wake walikuja zamani kutoka pwani. Akanivutia kigoda. Akaniwekea chai na ndizi na kipande cha sato, na muda wote macho yake yako mgongoni kwangu.

"Mtoto mbona halii, na baridi hii?"

"Huyu halii, mama."

Akazunguka nyuma yangu kama wafanyavyo wanawake wote, akaingiza mkono chini ya kitenge kutafuta mguu auguse. Mkono ukasimama hapo hapo. Samaki waliendelea kuungua kwenye karai na yeye hajageuka.

"Innalillahi," akasema kwa sauti ya chini. Akaja mbele yangu, akachuchumaa, akanishika magoti. "Pole, mwanangu. Pole sana kwa mtoto."

Hapo ndipo nilipotakiwa kucheka na kumwambia kwamba ni sanamu. Mdomo ulifunguka, walahi. Lakini tangu mwezi wa nane hakuna mtu hata mmoja, si hapa, si Kishanda, aliyeniambia maneno hayo. Yalinipiga mahali penyewe. Nikamjibu kama anavyojibu mfiwa yeyote: "Asante, mama. Nimeshapoa." Na nikalia mbele ya karai la samaki, machozi ya miezi yote ile.

Hakutaka hela yangu. Alinipa kitambaa cheupe cha marekani, kipya, akasema mtoto hasafiri na kitenge cha maua. Nikakipokea kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi nilipita kwake nikamweleza ukweli wote. Alinipiga kofi la bega, akacheka mpaka akakaa chini, kisha na yeye akalia, wala sikumuuliza analia nini.

KWENYE LORI

Bi Zuhura ndiye aliyenitafutia lori, na ndiye aliyemnong'oneza dereva. Nilijua anamwambia nini, lakini ningeanzia wapi kusahihisha? Dereva alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuvunja mawe. Alipomaliza kunong'onezwa aliwashusha wanaume wawili waliokuwa wamekaa mbele, akanipa nafasi peke yangu, na tangu hapo akawa anazungumza kama yuko sakristia. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakata.

Ukungu ulitufuata. Migomba ilikuwa inatokea kando ya barabara na kupotea, na taa za lori hazikusaidia kitu. Kilima kimoja mbele kulikuwa na kizuizi cha mgambo. Walikuwa wanatafuta kahawa ya magendo, na akina mama walikuwa wameshachoka kupekuliwa, maana kuna mjanja mmoja aliwahi kufunga kahawa mgongoni na kuiimbia.

"Vichanga vya siku hizi vinazaliwa na kahawa tumboni," mgambo akasema akicheka. "Mama, fungua tuone."

"Mwache," dereva akasema.

"Kwa nini nimwache?"

Hakungoja jibu. Aliingiza mkono dirishani, akabonyeza shuka. Mkono wake ulikuta kichwa, ukateremka ukakuta bega, ukakuta ngumi ndogo. Niliona uso wake unabadilika kama maziwa yanayoganda. Akautoa mkono taratibu, akavua kofia. Mwenzake aliuliza kuna nini, naye akampita. Aliinua mti wa kizuizi mwenyewe. Nilipogeuka kumtazama alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, kofia mkononi, mpaka ukungu ukamfunika.

Mtikisiko wa barabara ukafungua shuka kidogo. Sikuona. Dereva aliona.

"Mama," akasema bila kunitazama, "mfumbe macho."

Nikatazama chini. Jicho moja lilikuwa limetokeza kwenye shuka, limetazama juu, linang'aa kwa unyevu.

"Hayafumbiki," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Dereva akakaza macho barabarani. Nami nilimfunika, nikamkumbatia kifuani, na hapo, wenzangu, likatokea jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Maziwa yalitoka. Yalikuwa yamekauka tangu mwezi wa tisa, nikayasikia yanashuka, yakalowesha blauzi na shuka na ule mti. Nilijua kabisa ninachokipakata ni mti. Mwili haukutaka kujua. Nilimwogopa huyo wa mapajani mwangu, na ningekatwa mkono nisingemweka chini.

Dereva aliniteremsha Muleba kwa sababu yeye alikuwa anaendelea Biharamulo. Wakati nafunga kitenge upya nilimwona anamsimamisha mtu wa baiskeli, wanazungumza, wananitazama. Yule wa baiskeli akapanda, akakanyaga pedali kwa nguvu kuelekea Kishanda. Nikadhani ana haraka ya sikukuu.

MULEBA HADI KISHANDA, KWA MIGUU

Ilikuwa mchana, nawaambia mapema, msije mkasema niliota. Mchana wa mkesha wa Noeli, na njia ile naijua tangu utotoni. Nilipoanza kuteremka nilisikia ngoma mbali huko Kishanda, vijana wanajifunza kwa ajili ya kesho. Nikafyonza. Nikasema moyoni, haya, punda wa watu anazaliwa.

Kisha ngoma ikakatika ghafla katikati ya pigo.

Nikaendelea. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye vibanja vya migomba, na matone yalikuwa yanadondoka kutoka jani hadi jani. Nyumba ya kwanza nikaona mwanamke anapalilia. Aliponiona aliweka jembe chini, akasimama, akainamisha kichwa. Nikamwamkia kwa Kihaya, kwa heshima zote, "Waitu." Hakuitika.

Ninyi ni Wahaya, mnaelewa. Kwetu mtu anaweza kukunyima maji akakusalimu. Unaweza kuwa na kesi na mtu, mkasalimiana kwanza ndipo mkatukanana. Nyumba ya pili mzee mmoja alivua kofia na kutazama ardhi. Ya tatu walikuwa wamesimama familia nzima ukingoni mwa kibanja, wamepangana, hata watoto, na hakuna hata aliyekohoa. Niliwaamkia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya! Nikaanza kusalimu kama kichaa, kulia na kushoto, na sauti yangu ikawa inarudi peke yake.

Nikawaza Tata amekufa. Halafu nikawaza kitu kingine kibaya zaidi. Nikawaza, labda ni mimi. Labda lile basi halikuishiwa dizeli, labda lilianguka, na huyu anayetembea hapa hajaambiwa. Nikajifinya mkono. Niliumia, lakini nani anajua kama wafu hawaumii?

Mgongoni mti ulikuwa umelowa na kuwa mzito, na kitenge kilipoteleza nikahisi kama mtoto anajikunja kutafuta joto. Nikasikia miguu nyuma yangu. Nikasema sigeuki. Nikageuka. Walikuwa wote, wa nyumba ya kwanza, wa pili, wa tatu, wananifuata kwa mstari ndani ya ukungu, polepole, mikono nyuma. Niliposimama wakasimama. Nilipotembea wakatembea.

Nikaenda hivyo hivyo mpaka nyumbani.

NYUMA YA MIGOMBA

Uani kulikuwa na watu wengi, wanaume wamekaa upande wao, wanawake upande wao, kama msibani. Madumu ya rubisi yamesukumwa pembeni na kufunikwa. Mwenyekiti wa kijiji, yule wa hotuba, alikuwa na matope hadi magotini na jembe mkononi. Tata alitokea katikati yao, mzima wa afya, nikataka kumrukia kwa furaha. Lakini uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mlete," akasema.

"Nani, Tata?"

Alinishika kiwiko akaniongoza nyuma ya migomba, pale ninapopajua mimi. Kaburi la mwanangu lilikuwa limekaa na mmea wake mmoja wa mlamula, alama yake pekee. Na ubavuni mwake, udongo mbichi umelundikwa, palikuwa na shimo jipya, dogo.

Ndipo shangazi yangu akapiga magoti, akasema kile walichokuwa wananong'ona tangu baiskeli ilipofika. Mtu wa baiskeli alikuwa amesema binti wa katekista anakuja na maiti ya mtoto mgongoni. Wote wanajua nilikuwa na mtoto mmoja tu. Kuna waliosema labda nimelea yatima mjini. Lakini wengi walisema ni yule yule. Walimzika bila neno, kama mbegu, naye amekataa kulala, amemwendea mama yake Bukoba, sasa amerudi kudai mazishi yake.

"Safari hii tutamzika vizuri," shangazi akalia. "Mwambie atusamehe."

Wenzangu, niliwatazama watu wale. Walikuwa wanatetemeka, watu wazima, kwa ajili ya mtoto waliyesema si kitu. Nilitaka kucheka, nilitaka kuwapiga. Nikafungua kitenge, nikafungua shuka, nikamwinua mbele ya macho yao.

"Huyu ni Mtoto Yesu," nikasema. "Anatoka kwa Sista Imakulata. Ni wa pango."

Mtu mmoja akapiga kigelegele, kisha shangazi akaanza kucheka huku kamasi zinamtoka, na uwanja mzima ukalipuka. Mwenyekiti alikalia lundo la udongo akajishika tumbo. Tata peke yake hakucheka.

Na kicheko hakikudumu. Mzee mmoja alisema kile ambacho kila mtu alikuwa ameshaanza kukiwaza, kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, litamwita mtu. Macho yakarudi shimoni. Wanawake wakavuta watoto wao. Mwingine akasema lete mgomba ukatwe, uzikwe badala ya mtu, kama walivyofanya wazee. Tayari panga lilikuwa mkononi.

"Subirini," Tata akasema. Alimchukua yule mtoto wa mti mikononi mwangu. Akamtazama, akatazama shimo, akanitazama mimi muda mrefu. "Pango ni nini?"

Mwenye panga akalishusha.

"Nawauliza, pango ni nini? Ni shimo. Sisi tumepamba shimo kanisani tukaweka punda, tukakosa wa kulaza. Leo mmechimba pango kwa mikono yenu, kwa hofu yenu, mkaacha pombe, mkaacha ngoma, mmekuja wote. Sijawahi kuwaona wote Noeli hata moja." Akamgeukia mwenyekiti. "Ndugu mwenyekiti, zile nyasi mlizokata za kutandika kwenye sherehe ziko wapi?"

Zikaletwa. Tata akashuka shimoni mwenyewe na miguu yake ya uzee, akatandika, akaomba kitambaa. Nikampa ile marekani ya Bi Zuhura. Akamlaza Mtoto hapo chini, macho wazi, anatazama juu kwenye ukungu.

Asubuhi ya Noeli ibada ilifanyika pale pale. Padre asingefika, hafiki mwaka hata mwaka. Kijiji kizima kilikuja, hata wale ambao dini yao ni mtungi, maana nani angethubutu kukaa nyumbani na kaburi limefunguliwa? Walisimama kati ya migomba, wengine huwaoni, unasikia tu wakiitikia. Walitazama chini mahali pamoja. Ngoma haikupigwa hadi alasiri, na rubisi ilinyweka baadaye, tena sana, nisiwadanganye. Siku Mtoto alipohamishiwa kanisani, wazee walizika mgomba wao shimoni ili wawe na uhakika, na Tata alijifanya anatafuta miwani.

Lakini turudi asubuhi ile. Baada ya somo Tata alikuja hadi niliposimama, kando ya mlamula. Alizungumza polepole, kwa Kihaya, ingawa watu walisikia.

"Huyu wa hapa ulimwita nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza. "Mwesiga," nikasema.

"Padre akisikia ataniuliza," Tata akasema, "nami nitamjibu."

Akarudi kwenye nafasi yake, akaanza kuwaombea marehemu wa Kishanda kwa majina, kama afanyavyo kila Noeli, na kwa kila jina watu wanaitikia, "Umpokee, Bwana." Akawataja wazee wa zamani. Akamtaja mama yangu. Watu wakaitikia. Akamtaja Mwesiga, bila kupandisha sauti wala kuishusha, na kijiji chote kikaitikia, nami nikaitikia, naye akaendelea na jina linalofuata.